Hilo Halikuwa Lori

Kitanda kikitikisika usiku mjini Nakuru, mshukiwa wa kwanza huwa ni lori. Dhana hiyo ina msingi, maana barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Eldoret na Malaba inapita papo hapo mjini, na trela za mizigo ya Uganda hazina saa ya kulala. Lakini utamsikia hata mkazi wa Kiamunyi ndani ndani, ambako bodaboda wenyewe hufika kwa kubembelezwa, akiapa kwamba ni lori limepita. Lori likipata mtetezi, anayefuata kushukiwa ni jirani wa ghorofa ya juu: bila shaka anahamisha friji saa nane za usiku, kama ilivyo desturi ya majirani wa juu. Jirani naye akionekana hana hatia, mtu hujigeukia mwenyewe. Labda ni presha. Labda sukari imeshuka, au ni yale maharagwe ya jioni. Ni baada ya wote hao kuachiliwa huru, na balbu bado inabembea kwenye waya wake, ndipo neno "tetemeko" hutajwa, tena kwa sauti ya chini, kama jina la mheshimiwa ambaye huwezi kumshtaki bila ushahidi. Mimi nasema orodha hiyo ya washukiwa imepangwa kichwa chini, miguu juu. Katika Bonde la Ufa la kati, wa kwanza kukamatwa angefaa kuwa ardhi yenyewe, kwa sababu ndiyo yenye rekodi. Lori lihojiwe baadaye, kama shahidi.

Hata hivyo, haki itendeke kwa lori. Matetemeko hupimwa kwa njia mbili. Kipimo cha Richter, kilichobuniwa California mwaka 1935, hupima ukubwa wa tetemeko lenyewe. Kipimo cha Mercalli, chenye jina la padri Mwitaliano Giuseppe Mercalli, huangalia jinsi watu na vitu vyao vilivyotikisika, kwa ngazi 12. Ukisoma ngazi ya tatu katika toleo lililorekebishwa Marekani mwaka 1931, utakuta imeelezwa waziwazi kwamba mtikisiko wake hufanana na wa lori linalopita, na kwamba wengi hawatambui kuwa ni tetemeko. Kwa hiyo mkazi wetu wa Kiamunyi hakukosea katika kueleza. Alikosea katika kuhukumu. Kipimo hichohicho kinatwambia kwamba mitikisiko midogo husikiwa na watu waliotulia, hasa walio kwenye ghorofa za juu. Aliyesimama sokoni akibishania bei ya viazi hasikii kitu. Aliye ndani ya matatu ya Njoro ndiyo kabisa, kwa kuwa matatu ya Njoro ni ngazi ya tano peke yake. Anayesikia vizuri ni yule aliyelala chali mchana kweupe, na hapo ndipo sayansi inapopatwa na mkosi: shahidi wake bora kuliko wote ni kijana ambaye tangu asubuhi ameambiwa aamke akatafute kazi. Akitoka mbio sebuleni na kutangaza kwamba nyumba imetikisika, hataulizwa imetikisika kwa sekunde ngapi. Ataulizwa alikuwa anafanya nini kitandani saa saba.

Sasa tufungue faili la mshtakiwa. Mwaka 1893 mwanajiolojia Mwingereza John Walter Gregory alipita humu akielekea Baringo, akatazama zile kuta za mawe pande mbili, akafikia uamuzi kwamba sakafu ya bonde ilizama katikati ya mipasuko mikubwa ya ardhi. Tangu wakati huo ushahidi umezidi kurundikana. Ardhi ya mashariki na ya magharibi zinaachana kwa milimita chache kwa mwaka, yaani bonde hupanuka mwaka mzima kadiri ukucha wako unavyorefuka kwa mwezi mmoja. Aliyenunua ploti Naivasha ya hamsini kwa mia asikae akingoja igeuke ekari. Ila mwamba haujui kunyooka kwa adabu. Hukwama, ukavumilia, halafu siku moja ukateleza, na huko kuteleza ndiko tunakokuita tetemeko. Mara nyingi huteleza kidogo kidogo. Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester walitega mitambo yao kuzunguka Ziwa Bogoria kwa muda wa miezi michache tu, wakanasa mamia ya matetemeko madogo ambayo mchunga mbuzi wa pale hakuwa na habari nayo. Na si matetemeko peke yake. Vipimo vya setilaiti vilionyesha kwamba kati ya 2004 na 2006 Mlima Longonot ulipanda juu kwa takriban sentimita tisa, kisa, inavyodhaniwa, magma au mvuke unaojipanga upya chini yake. Wakwezi wa wikendi walipandishwa sentimita hizo tisa za ziada, wala hawakutozwa kiingilio zaidi. Volkeno ya Menengai nayo, miaka michache kabla ya hapo, ilikuwa imeshuka kwa sentimita kadhaa. Mahali penye tabia hizi tunapaita "pametulia", kwa sababu tu panatikisika wakati tunapojishughulisha na mengine.

Lakini kosa kubwa katika faili hilo lina tarehe: usiku wa 6 Januari 1928, bonde la Subukia, kaskazini mashariki ya Nakuru. Tetemeko la ukubwa wa 6.9, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa nchini Kenya. Ardhi ilipasuka chini ya ukingo wa Laikipia na Marmanet kwa urefu wa karibu kilomita 38, na mahali pengine upande mmoja ulishuka kuliko mwenzake kwa zaidi ya mita mbili, kimo cha kumficha mtu mrefu na kofia yake. Siku nne baadaye likaja lingine la kulifuata, lenye nguvu za kutosha kuwa habari kuu popote pengine. Mara hii hakuna aliyeweza kuyasingizia malori, kwa kuwa katika Subukia ya 1928 malori yenyewe yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole. Habari zilifika mbali kiasi kwamba mwaka uliofuata Bailey Willis, profesa wa Kimarekani aliyekuwa bingwa wa matetemeko ya California, alikuja Afrika Mashariki kuyakagua mabonde haya. Alipima, akachora, na mwaka 1936 akatoa kitabu kikubwa kinachodai kwamba bonde limebanwa kutoka pande mbili. Leo tunajua linavutwa. Sitaki kumcheka marehemu. Mtu anaweza kusafiri nusu ya dunia, akasimama juu ya ufa wenyewe, na bado asijue kama ardhi inakuja au inakwenda. Wahenga nao wametuachia usia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nadhani aliyeutunga hakuwa mkazi wa Subukia, ambako ufa una kilomita 38 na ukuta umejengwa na Mungu tayari.

Kama rekodi ni hii, mbona kila tetemeko dogo hutukuta kama wageni? Sababu moja ni kwamba 1928 imeshatoka katika kumbukumbu ya walio hai, na babu aliyeisimulia alikuwa na masimulizi mengine mengi yaliyotiwa chumvi, ikabidi na hili lipunguzwe. Sababu nyingine inachekesha zaidi: tetemeko dogo haliachi ushahidi wa kuaminika. Tazama jikoni kwa karibu. Vifuniko vya sufuria vinagongana kwenye rafu, maji ya ndoo yanachora duara, glasi za wageni ndani ya kabati zinasogea nusu sentimita juu ya kitambaa cha kufuma, kisha kimya. Hakuna kilichovunjika. Baada ya dakika tano, hata aliyeona anaanza kujitilia shaka. Halafu kesho yake ushahidi wa uongo unajitokeza kwa wingi. Kile kikombe ambacho mtoto alikivunja Jumanne na kukificha nyuma ya friji, sasa kimevunjwa na tetemeko. Mpangaji anaonyesha ufa ukutani na kudai umeletwa usiku ule, ili arekebishiwe. Mwenye nyumba anaapa kwamba ufa ulikuwepo tangu zamani, bila kutambua kwamba anajishtaki mwenyewe. Ukijumlisha hasara zote ambazo matetemeko madogo ya Bonde la Ufa yamesingiziwa, utapata kitu kikubwa kuliko Subukia.

Ajabu ni kwamba tetemeko la mbali hatulisingizii lori. Mwezi Julai 2007 ardhi ilipotikisika siku baada ya siku karibu na Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, kubwa lao la tarehe 17 likiwa na ukubwa wa 5.9, wafanyakazi wa Nairobi walitoka mbio kwenye majengo marefu. Mwezi Septemba mlima wa volkeno wa Oldoinyo Lengai ukalipuka, na kila mtu akakubali kwamba jambo lilikuwa zito. Jioni ya 12 Agosti 2020, tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lilitokea chini ya Bahari ya Hindi, nje ya pwani ya Tanzania, likasikika hadi Nairobi, na Wakenya wakajazana mitandaoni kuulizana kabla hata chai haijatulia kikombeni. Yaani tetemeko la baharini, la mamia ya kilomita, tunalipokea kwa heshima zote, na la chini ya kitanda chetu tunaliuliza kama limebeba simiti.

Wapo watakaonijibu kwamba haya madogo ya siku hizi si ya ardhi. Ni ya wachimbaji. Olkaria imekuwa ikizalisha umeme wa mvuke tangu 1981, na tangu 2011 Kampuni ya Uendelezaji wa Jotoardhi imekuwa ikitoboa ndani ya Menengai kwenyewe. Zamani mvuke wa Menengai ulisemekana ni wa mashetani wanaolima mashamba yao ndani ya kreta. Leo lawama zimehamia kwa wahandisi, na sijui ni nani aliyepandishwa cheo. Hoja hii siipuuzi. Maji yanayorudishwa ardhini kwa shinikizo huweza kweli kuamsha matetemeko. Mjini Basel, Uswisi, mradi wa namna hiyo ulisimamishwa mwishoni mwa 2006 baada ya tetemeko la 3.4 kuwatia wenyeji hofu. Kwa hiyo vipimo vya karibu na visima viwekwe wazi, na mwenye swali ajibiwe. Ila hoja ina tundu. Subukia haikuwa na mtambo hata mmoja wa kutoboa mwaka 1928, na matetemeko ya Bogoria ya 1985 yalinaswa mahali ambapo hapakuwa na kisima cha mvuke. Tena joto hilo la chini lipo karibu na juu kwa sababu ileile inayoifanya ardhi itikisike: ngozi ya dunia hapa imevutwa ikawa nyembamba. Takriban asilimia 40 ya umeme wa Kenya hutokana na joto hilo. Kule Eburru wenyeji hutega mvuke unaotoka ardhini, ukapoa ukawa maji ya kunywa. Huwezi kuchaji simu kwa umeme wa ufa, kisha ukaitumia simu hiyohiyo kuandika kwamba hapa hakuna ufa.

Upande wa pili wamesimama wale wanaoamini kupita kiasi. Machi 2018, mvua ilipozidi, korongo lilifunguka karibu na Suswa na kukata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, na vyombo vya habari vya dunia vikatangaza kwamba Afrika inagawanyika vipande viwili. Kwa siku kadhaa watu waliulizana ni nani atakayebaki na Uganda. Wanajiolojia wengi walieleza kwa subira kwamba kilichoonekana zaidi ni maji ya mvua yaliyosomba majivu ya volkeno, udongo laini usioshikana, na kufukua nyufa za zamani zilizokuwa zimefunikwa. Korongo likajazwa, magari yakapita, na bahari inayosubiriwa Narok ikaahirishwa kwa mamilioni ya miaka. Kundi hili lina binamu wanaoona katika kila mtikisiko dalili ya mwisho wa dunia. Kwa imani ya mtu sina ugomvi, ila nauliza: kama kila tetemeko la Bonde la Ufa lingekuwa tangazo, Bogoria pekee ingekuwa imetangaza mamia ndani ya robo mwaka, na hakuna mhubiri aliyelipokea hata moja. Asiyeamini na anayeamini kupindukia wana kasoro moja: wote wawili wanalichukulia tetemeko kama tukio la ajabu. Mmoja analikana kwa kuwa ni la ajabu, mwingine analipigia magoti kwa sababu hiyohiyo. Ni jambo la kawaida, kama mvua ya mawe ya Molo.

Pingamizi lenye uzito ni hili: mbona basi hayajaua watu hapa? Hata Subukia, kwa nguvu zake zote, hasara yake ilikuwa ndogo. Ni kweli, na sababu yake inajulikana. Nakuru ya 1928 ilikuwa mji mdogo wa reli, na Subukia ilikuwa mashamba, nyumba za mbao na za nyasi, zilizotengana kwa umbali wa kuitana. Nyumba ya nyasi ikianguka unatoka ukijipangusa vumbi. Tangu 1 Desemba 2021 Nakuru ni jiji, na sensa ya 2019 iliwahesabu watu 2,162,202 katika kaunti. Hawa hawaishi kwenye nyasi. Wanaishi kwenye mawe, simiti na nondo, na hapa ucheshi wangu unapungua kidogo, kwa sababu sote tunajua jinsi baadhi ya nondo hizo zinavyonunuliwa. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa sita liliporomoka Huruma, Nairobi, na kuua watu wapatao 50. Ardhi haikuwa imetikisika hata chembe. Ilikuwa mvua tu. Miezi minne na kitu baadaye, 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Bukoba, Tanzania, likaua watu zaidi ya 15 na kubomoa nyumba kwa maelfu. Tena tofauti ya 5.9 na 6.9 isikudanganye kwa udogo wake: kila hatua moja juu ya kipimo hicho huzidisha nguvu mara 30 hivi, kwa hiyo Subukia ilikuwa kama Bukoba 30 zilizoachiliwa kwa pamoja. Sasa weka hizo mbili kwenye mizani: majengo yanayoanguka bila kusukumwa, na ardhi inayojulikana kwamba husukuma.

Wala tusisingizie kukosa maarifa. Serikali ilitoa mwongozo wa kujenga kwa kuzingatia matetemeko mwaka 1973, ukaigawa nchi kwa kanda za hatari, na Bonde la Ufa halikuwekwa nyuma. Kijitabu hicho kina umri wa mtu mwenye wajukuu. Shida ni kwamba fundi anayefunga nondo za nguzo na mwenye ploti anayehesabu gharama wote wamekulia kwenye imani kwamba hilo lilikuwa lori. Kwa nini mtu alipie pete za nondo zilizokaribiana kwenye nguzo, kwa sababu ya lori? Na kwa nini mwenye ghorofa afikirie mara mbili kuhusu ile sakafu ya chini aliyoiacha wazi kwa maduka na maegesho, ghorofa tano zikiwa zimesimama juu ya vijiti, ilhali mtikisiko wenyewe ni jirani anayehamisha friji? Mzaha wetu unageuka kuwa kanuni ya ujenzi bila mtu kuupigia kura.

Nimesikia pia hofu kwamba mazungumzo haya yatafukuza wapangaji na wawekezaji. Kama ni hivyo, Tokyo ingekuwa pori. Watu hawakimbii mahali panapotikisika. Hukimbia mahali ambapo hawajaambiwa la kufanya. Na la kufanya halina makuu. Mtikisiko ukianza, usikimbilie ngazi wala usisimame chini ya ukuta wa uzio. Jikinge chini ya meza imara mpaka mtikisiko uishe, hata kama italazimu kuutoa mguu wa shemeji aliyekuwahi. Ukiisha, mkono wa kwanza uende kwenye swichi ya meko, kwa maana ule mtungi wa kilo sita wenye kichomeo juu na sufuria ya githeri juu yake ni kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya sakafu isiyo na mawazo mengi. Kisha utazame saa na uandike dakika, na ukimpata yule kijana aliyekuwa amelala, mwulize alichosikia, umwamini.

Lililo rahisi kuliko yote linaweza kufanyika wiki hii. Ile kabati ndefu ya glasi, inayosimama nyuma ya kochi wanapokaa watoto kutazama televisheni, haijashikwa na kitu chochote isipokuwa heshima. Pitia duka la hadiweya ununue vyuma viwili vya pembe na skrubu zake, uifunge ukutani. Kama nyumba ni ya kupanga, omba ruhusa kwanza kabla ya kutoboa, maana wenye nyumba wetu wanaogopa tundu la skrubu kuliko wanavyoogopa Menengai. Akikukatalia, mtajie 6 Januari 1928, na umwombe akuandikie kwamba tetemeko lile halitarudi.